Ulimi Kati ya Meno

Mwalimu Ndalahwa katugawia vioo,
vipande vya kioo kimoja kilichovunjika,
kingo zake kazifunika kwa plasta ya kidonda.
"Toeni ulimi," anasema. "Kidogo. Uumeni.
La, msiume. Uguse meno tu, kisha pulizeni."

Tuko saba, ghorofani, juu ya duka la nyavu Kirumba,
saa moja jioni, miguu yangu bado ina baridi ya kiwandani
na harufu ya sangara imenitangulia kuketi.
Hakuna anayetoa ulimi.
Sisi tuliochapwa kwa kumtolea shangazi ulimi
twajua jambo hili lina jina,
na jina lake si somo.

Bukindu, muuza vocha, ndiye wa kwanza.
Anapuliza. Mate yanatua kwenye daftari langu.
Tunacheka mpaka mwenye nyavu anagonga dari kwa ufagio.

Mimi ni wa Majita. Ulimi wangu una deni la zamani:
darasa la nne nilisema kesho baba anakwenda kupiga kula,
mwalimu akauliza, atapiga ugali au samaki?
Tangu hapo kila neno lenye ra au la
nalikaribia kama mtu anayevuka Mirongo gizani,
nikipapasa jiwe kwa kidole kabla ya kukanyaga.
Na sasa naambiwa kwamba kwa Kiingereza
mchele na chawa hutenganishwa na ncha hiyo hiyo ya ulimi,
na meli na kondoo karibu ni neno moja,
ila kondoo kavutwa kidogo.
Basi nikizembea
nitapanda kondoo kwenda Ukerewe
na gunia langu la chawa kichwani.

"Lakini sauti hii mnayo," anasema Ndalahwa.
"Semeni thelathini."
Selasini.
"Thamani."
Samani.
"Dhahabu."
Zahabu, na Geita iko ng'ambo tu ya maji,
wanaichimba usiku na mchana,
na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuitamka.

Alhamisi akaja mnunuzi, koti jeupe, buti za kuazima.
Akauliza katoni ni ngapi.
Msimamizi akanisukuma mgongoni: si wewe unayesoma?
Zilikuwa thelathini na tatu.
Katika namba zote za Mungu, hiyo,
yenye kuutaka ulimi nje mara mbili.
Nikaufuta mkono kwenye aproni kana kwamba ndio utakaosema.
Nikauweka ulimi mahali pake, mbele ya wanaume, bila haya,
nikapuliza.

Mtambo wa barafu ukanguruma.
Akainama, akatega sikio.
Nikarudia. Nasema kweli, ilitoka safi,
hata Ndalahwa angesimama.
Mtambo ukanguruma tena.
Akatabasamu, akachungulia karatasi ya mzigo,
akajisomea mwenyewe.

Nilipanda Igogo kwa miguu,
njia ile inayopita kati ya miamba na kuta za watu,
nikiisema namba kwa kila ngazi.
Mbwa mmoja alinisikiliza mpaka mwisho.

Mama alikuwa kizingitini anachambua dagaa wa kesho.
Meno yake ya mbele yaliondoka mwaka ule wa mvua nyingi,
moja baada ya jingine, kama wapangaji.
"Thikia," akasema, "mbona umechelewa? Thamaki wamepoa."

Nikasimama na kioo changu mfukoni.
Elfu ishirini kwa mwezi ninalipa.
Nikaketi karibu naye, juu ya ndoo.
Nikamwomba aseme selasini.

"Thelathini," akasema, hata hakuinua macho.
"Kwani nani anakudai?"