Ratili Thelathini

Kwetu Port Blair nazi haikuvuka kizingiti.
Mama alikaanga samaki kwa mafuta ya haradali,
akatupaka nywele haradali hiyohiyo,
wenzetu darasani wakatukimbia dawati.
Kamwulize babu yako, alisema.
Babu Nibaran hakuulizika.

Bibi ndiye aliyenipa habari, kidogokidogo,
kama apimaye chumvi ya mkopo:

jengo la mabawa saba, kila seli
ikitazama kisogo cha nyingine;
kibao cha mti shingoni, nambari, mwaka wa kutoka;
na uani vinu vya kukamulia mbata,
vya kuzungushwa na ng'ombe,
bila ng'ombe.
Ng'ombe ana bei.

Ratili thelathini za mafuta, mtu mmoja, kutwa moja.
Babu alijua tarakimu, wakampa kalamu na mizani,
mfungwa akawapimia wafungwa.
Jioni walikuja na ndoo zao, viganja vimechunika,
wakasimama. Hawakutazama ndoo.
Walitazama mkono wake.

San Nyun, Mburma, mwizi wa mtumbwi mmoja,
alikuwa na kifua kinachopiga mbinja.
Siku ya kwanza alileta ishirini na nane.
Babu akaegemeza dole gumba kwenye sahani ya mizani,
kidogo tu, kama mtu aliyechoka,
akasoma: thelathini.
Kesho yake tena.
Siku kumi na moja dole lilichoka hivyo.

Ya kumi na mbili bwana jela alijiletea kiti,
akaketi karibu, akawasha kiko.
Dole likabaki hewani.
"Ishirini na saba," babu akasoma,
kwa sauti, Bibi anasema, sauti ya mwanafunzi hodari.

Wakamfunga San Nyun kwenye fremu ya mbao.
Viboko navyo vinahitaji karani.
Babu alivihesabu, akaviandika, hakukosea hata kimoja.

Alirudi kinuni? nilimwuliza Bibi.
Bibi alikuwa akichambua mchele.
Aliendelea kuchambua.

Nimekwenda makavazi, nikavishwa glavu,
nikakifungua kitabu. Thelathini, thelathini, thelathini,
mwandiko wa kupendeza, kisha ile ishirini na saba.
Pembeni mwa ukurasa kuna alama ya dole,
mafuta yaliyogoma kukauka miaka yote hii.
Hapo karatasi imekuwa dirisha:
unaona maandishi ya upande wa pili, kinyumenyume,
majina ya watu wengine, ndoo nyingine.

Jana nilinunua chupa ya mafuta ya nazi soko la Aberdeen.
Ipo juu ya kabati, kizibo hakijaguswa.
Mama ameiona. Hakusema kitu,
amefungua madirisha tu.

Najua mstari huu umepungua mizani.
Sitauwekea dole.