Pancha

Sabini na moja kwa hamsini na nane.
Jumapili bado haijapoa
na tayari mashabiki wa Chuo cha Enyau wamejaa karakanani kwangu,
hapa Arua, barabara ya kupandia Ediofe,
eti wamekuja kujaza upepo.
Baiskeli ya kutengeneza ni moja. Watu tisa.

Afeku ameshapanga vizibo vya soda mchangani,
vyekundu wao, vya buluu sisi,
nati ya gurudumu ndiyo mpira.
"Tazameni. Wale wa Gulu wanapita hapa. Hapa! Kushoto kwetu
ni mlango wa choo cha sokoni, kila mwenye haja anaingia."
Onzima anakataa, helmeti ya bodaboda bado kichwani:
shida si mlango, shida ni kurudi.
Tukikosa kikapu tunasimama kusikitika,
mikono kiunoni, kama tuko matangani,
na wao wako chini ya ringi wanahesabu mbili, mbili, mbili.
"Kocha awapandishe mlima huu mbio hadi watapike!"

Zamzam wa chai ya tangawizi anataka ukanda,
wawili mbele, watatu nyuma.
"Mtu kwa mtu ni ya wenye miguu. Sisi tuna moyo tu."
"Ukanda, na yule mrefu asiyeruka? Ribaundi nne!
Hata nguzo ya umeme ingepata tano."

Kisha jina walilokuwa wakilikwepa kama shimo la barabarani
wakalitumbukia wote kwa pamoja.
Ezati. Namba saba. Ezati analala. Ezati ana mchumba Mvara.
Ezati alitazama mpira, mtu wake akampita mgongoni
mara sita,
nane,
haya, nane!
Usipoziba ufa, akaanza mmoja,
na kabla hajamaliza mwenzake alishajenga ukuta mzima
kwa matofali ya matusi.

Mimi niko na tyubu yangu kwenye beseni.
Tundu dogo halitafutwi kwa macho makali.
Unaijaza upepo, unaizamisha, unanyamaza,
ndipo linajitaja lenyewe, povu kwa povu.
Sasa hapa nani wa kunyamaza?

Mwenye baiskeli alikuwa amesimama nyuma yao, sijui tangu lini.
Jezi kaificha ndani ya sweta,
goti limefungwa kitambaa.
Hakusalimu. Alichuchumaa kwa taabu,
akashika kizibo cha buluu cha kushoto, chake,
akakisogeza nusu kiganja.
"Nilikuwa hapa. Skrini ilitokea huku. Niliita."

"Ulimwita nani?"

"Wani. Nilimwita kwa Kilugbara.
Nikibanwa, ulimi wangu unakimbilia kwa mama.
Wani akasikia kelele tu. Naye huita kwa Kikuku,
Drani kwa Kimadi, Okethi Mungu ndiye ajuaye.
Mazoezini tunaongea Kiingereza cha kocha, kizuri, taratibu.
Robo ya nne hakuna anayekikumbuka."

Kwa mara ya kwanza alasiri ile
nikalisikia beseni langu.
Pu. Pu. Pu.

Nikakibana kidole juu ya tundu.

"Neno moja tu, basi," Zamzam akasema, birika mkononi.
"Nyuma. Hilo hata sokoni mnaligombania mkisukumana."
Wakasimama kulijaribu papo hapo, kati ya rimu na spoki,
Onzima akawa Wani, Afeku akawa Gulu nzima,
na Ezati, kwa goti lake moja, akapaza: "Nyuma!"
Onzima akageuka haraka, kweli kabisa,
ila upande usio wake,
akapiga teke beseni.

Maji yakavibeba vizibo, vyekundu na vya buluu, hadi mtaroni.
Wakacheka. Wakaanza upya:
nyuma ipi, ya nani, kwa nini isiwe kushoto?
Ezati naye sasa anabisha, anabisha kuliko wote.

Nami nimeshika tyubu inayodondoka maji,
kidole kimeteleza,
na sikuwa nimetia alama.