Mguu Usiokua

Wote huniomba mguu uleule.
Mama muuza sambaza wa Birere, askari, msukuma chukudu,
wote: "Fundi, nirudishie kama ulivyokuwa,"
nami huchukua utepe, hupima kilichobaki,
hukoroga plasta mpaka ipate moto yenyewe mkononi
kama uji wa mtoto.

Kyakimwa, miaka kumi na mmoja, alikataa.
"Ule wa zamani sitaki. Ulichelewa."
Alisema hivyo tu, bila chozi, akatoa daftari la hesabu,
ukurasa wa mwisho, nyuma ya kugawanya na kuzidisha,
kachora
mguu wenye springi tatu na taa kwenye goti,
unyayo unaonusa ardhi kabla ya kukanyaga,
na pembeni, kwa kalamu nyekundu, kimo cha kuruka:
Nyiragongo, kwenda na kurudi, bila kuungua.

"Inawezekana?"
Nikamwambia plastiki yetu huja kwa mabamba, rangi moja,
rangi ya chai iliyotiwa maziwa ya kubahatisha,
haifanani na mtu yeyote niliyewahi kumvisha.
Akacheka. "Basi tia taa tu."

Usiku, Ndosho, umeme umekatika.
Naweka simu kifuani, chaji asilimia nne,
na kwa mwanga huo nalegeza skrubu za mwili wangu.
Mke wangu hajui; amenipa mgongo, analala.
Naanza na masikio: nayatia vifuniko,
maana macho yalipewa kope, masikio yakasahauliwa,
na milio ya huko Kibati haibishi hodi.
Mapafu nayabadilisha, yavute mazuku
kama upepo wa ziwani, nilale bondeni nisife.
Mgongo wa chuma cha reli. Ngozi ya jiwe letu jeusi
lililokwisha kuungua, lisiloogopa moto wa pili.
Moyo nauwekea swichi.
Kumbukumbu naing'oa taratibu, kama jino bovu,
na hapo pananoga, hapo nakuwa mwepesi
hata kitanda hakinijui.

Nikifika kwenye vidole nakwama. Kila usiku.
Nani atakoroga plasta?
Mkono wa chuma hautambui plasta imeshika;
hilo hujulikana kwa ngozi, kwa kuungua kidogo.
Basi narudisha kila kitu mahali pake,
moyo bila swichi, masikio wazi,
nasikiliza mpaka kukuche.

Siku ya kuvaa alikuja na nyanya yake,
kapakwa mafuta, soksi nyeupe.
Akasimama kati ya vyuma viwili.
Hatua. Nyingine. Goti lisilo na taa.
"Ongeza sentimita mbili," akaninong'oneza,
kama mtu anayenunua magendo.
Nikakataa. Ukizidi mmoja, nyonga itapinda,
utatembea kama mlevi wa kasiksi.
"Halafu," nikasema, "mguu huu haukui. Wewe unakua.
Miezi sita tu utakuwa umeuacha chini,
utarudi hapa ukichechemea
kwa sababu ya urefu wako mwenyewe."

Akanyamaza. Akautazama ule wa nyama,
wa kushoto, ambao hakuna aliyeuchora,
akalipapasa goti kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.
"Huu? Bila springi?"
"Bila chochote. Ugali na sambaza."

Nje mawe ya volkano hayaulizi mguu ni wa nani.
Alianguka penye geti, akakataa mkono wa nyanya yake,
akalitukana jiwe, akainuka.

Nikafungua daftari la miadi:
Kyakimwa, mwezi wa tisa, kupima upya.
Mji huu miadi tunaiandika kwa penseli.
Nilikandamiza mpaka ncha ikavunjika.