Mhesabu Mimba

Mwezi wa pili napanda bondeni na mashine yangu,
gari likinung'unika, jua likichungulia saa nne
kisha likijuta.
Kazi yangu ni kuhesabu wasiozaliwa.
Zizi kwa zizi napaka jeli kinenani pasipo sufu,
nabandika kidude, kioo kinawaka:
mbavu ndogo kama kitana cha mwanasesere,
moyo ukipepesa kama kope.
Rangi ya bluu mgongoni: mmoja.
Kijani: wawili.
Nyekundu: watatu, mwongezee nyasi.
Asiye na kitu simpaki rangi.

Kaldasel, kwa Asgrimur, rangi nyekundu huniishia.
Kondoo wake ni wa kienyeji, wafupi, sufu tabaka mbili,
walivuka bahari na mababu zetu, hawakuoana tena na wageni.
Ana daftari la bibi yake, Thuridur,
jalada limeliwa na panya:
*Mora, wa kahawia. Watatu. Watatu.
Wawili, theluji ikachukua mmoja. Watatu.*
Halafu binti za Mora, halafu wajukuu,
mwandiko ukipinda kadiri macho ya bibi yalivyofifia,
na hakuna ukurasa alioandika: kwa nini?

Hiyo "kwa nini" ilikuja juzijuzi, kwa barua.
Kipande cha sikio kilikwenda maabara, jibu likarudi:
herufi moja ya jeni imekosewa,
kama karani aliyekusudia "funga"
akaandika "fungua",
na kokwa la mayai, lililozoea kuachia moja,
likaanza kuachia mawili, matatu.
"Kosa!" Asgrimur alicheka hadi akakohoa.
"Kosa hilo ndilo lililonisomesha."

Basi akataka zaidi. Nani asingetaka?
Akaazima dume kutoka bonde la pili,
naye wa ukoo wa Mora, shingo nene, jicho la dharau,
akamwachia mabinti wa Mora majira ya giza,
akitaraji moja na moja zifanye nne.

Moja huleta baraka, mapacha zizini tele,
Mbili, mbegu hukauka, mimba isije milele,
Mtaka yote hutoka mikono mitupu, ole!
Ndiyo sheria ya damu, haiombwi, haihongwi.

Leo zamu ya Drifa. Mweupe, mnene, miaka minne,
majira yake ya tatu kwa dume.
Kioo ni cheusi. Naminya, nageuza, nasogeza juu.
Cheusi tu, kama dirisha la nyumba waliyohama.
Sihitaji barua. Anazo mbili,
ya mama na ya baba.
Neema mbili zimekutana mlangoni kwa wakati mmoja
na hakuna iliyopita.

Asgrimur ananitazama mikono, hanitazami uso.
"Sema."
"Hana."
Analamba ncha ya penseli. Sifuri haandiki.
Anaandika: *Drifa. Sufu, kilo mbili na nusu. Safi.*
Msimu wa kuchinja aliwahi kumpakia kwenye lori,
akamshusha.
Kwa sababu Mei ile, watatu wa Skessa walipoizidi idadi ya chuchu,
huyo wa tatu, wa chupa, aliyekuwa akitetemeka pembeni,
alikwenda kulala ubavuni pa Drifa
na Drifa hakuinuka hadi asubuhi.
Maziwa hana. Alikuwa na ubavu.

Nakunja nyaya. Napewa kahawa na kipande cha mkate mweusi.
Mlangoni mkewe ananivuta kola ya sweta,
hili alilonifumia mwaka jana, jeupe,
nami sikuwahi kuuliza sufu ilitoka kwa nani.
"Linakutosha bado?"
Nasema linatosha.
Upepo wa nje unang'ata masikio, kifuani haufiki.

Zizi linalofuata, kilomita kumi na nne.
Rangi nyekundu imebaki kidogo.