Sehemu ya Nne

Kijana wa duka la simu, stendi ya Newala,
ameniwekea filamu nzima kwenye kadi ndogo kama kucha.
Shilingi elfu moja.
"Mzee, hii ya kale. Utaiweza?"
Nikacheka. Nimeiona mara kumi na tisa
na mwisho wake sijawahi kuuona.

Jenereta la Nambunga lilikuwa na tabia yake:
petroli iliisha muuaji akishafika mlangoni.

Jina la Kizungu alikuwa nalo, sisi hatukulitaka.
Wavu wa mrina asali usoni, koti la mvua,
mkononi mkasi mrefu wa kukatia ua:
tukamwita Bwana Chandarua.
Sehemu ya kwanza alizama. Ya pili walimchoma moto.
Ya tatu wakamfukia, wakamwaga saruji juu,
tukapiga makofi banda zima
kisha tukarudi nyumbani wanyonge
kama watu waliotoka kuzika wa kwao.
Kwa hiyo ya nne ilipoteremka kwenye basi la Masasi,
kanda imeviringishwa gazeti na kufungwa kamba ya katani,
tuliipokea kama barua ya ndugu aliyepona.

Kiingilio kibaba cha korosho.
Tuliziokota gizani, mimi na Somoe wa shangazi,
chini ya mikorosho isiyokuwa yetu,
tukanuka mabibo mpaka darasani.

Ndani, joto la miili sitini,
na Chande Likapa kando ya runinga, fimbo mkononi,
akitutafsiria.
Kiingereza alijifunzia wapi? Hakuna aliyeuliza.
Theluji ilipoanguka akaigonga kioo:
"Msishangae. Wanapuliza salfa."
Tukaelewa. Kumbe na kwao ubwiri upo.
Yule msichana alipokamata simu, mikono ikimtetemeka,
Chande akasema: "Anamtafuta katibu wa chama cha msingi."
Simu ikaita, ikaita.
"Katibu kasafiri."
Banda likalipuka, na waliocheka zaidi
walikuwa watu wazima waliosimama nyuma.

Usiku huu mke wangu kalala.
Simu nimeiegemeza kwenye dumu la maji,
visikilizio masikioni.
Nafundisha Kiingereza sasa, kidato cha tatu,
hakuna neno linalonipita,
na maneno yenyewe machache hivi!
Nani huyo. Gari haliwaki. Tusiachane.
Bwana Chandarua hasemi lolote.
Saa moja na nusu, hadai kitu kwa mtu,
anakata tu, kama anayepalilia shamba la mwingine.
Damu ni rangi, tena imezidi wekundu.
Ukutani kinapita kivuli cha mshika kipaza sauti.
Theluji ni theluji.

Nikafika pale mlangoni.
Kidole kikasimamisha.
Hapa Chande alikuwa na neno. Kila mara.
Taa ikizimika, neno linabaki gizani na sisi,
tunatoka nalo, tumeshikana mashati.
Limenitoka.

Saa saba kasoro. Nikampigia Somoe, Lindi,
yuko zamu wodini.
"Amefika mlangoni," nikasema. Salamu sikutoa.
Kimya. Toroli la dawa likapita, gurudumu moja linalia.
Kisha sauti nzito, ya kiume, sauti ya marehemu:
"Hodi humu ndani.
Mimi ndiye mliyenizika
kabla ya malipo ya pili."

Tulicheka hadi mgonjwa mmoja akamkaripia.

Dakika sita za mwisho nimeziacha kwenye kadi.
Nikatoka kwenda choo cha uani,
mtu mzima, miaka arobaini na minane,
tochi mbele,
nikikohoa njia nzima.