Kiseke hadi Pasiansi

Milioni kumi na mbili na laki tatu.
Miaka sita ya kukatwa kwenye mshahara,
na vitenge ambavyo sikununua.

Yadi ya Buzuruga, saa nne asubuhi.
Magari mawili madogo yamenikodolea taa,
vijidudu vya ziwani vimejibandika kwenye vioo.
Jekundu ni la petroli, bampa limepakwa rangi upya
na aliyepaka hakuwa na subira.
La kijivu ni la dizeli, safi kama sahani ya mgeni,
limemzidi mwenzake milioni moja na nusu.
Bwire muuzaji anazunguka na kitambaa,
anapangusa pasipo vumbi.
"Hili la kijivu halinywi, mama. Linaramba."

Nimefundisha hesabu miaka kumi na tisa.
Natoa kalamu.
Dizeli: lita moja, kilomita ishirini na mbili.
Petroli: kumi na sita, ukikanyaga kwa adabu.
Gawanya. Shusha sifuri.
Jibu: miaka minane na ushee
kabla dizeli haijanirudishia fadhila,
na mimi nina hamsini na mbili.

Ila kalamu haijui kilichonileta.

Baba yangu, Masatu, alikuwa mpaka grisi
kwenye meli ya mizigo ya Bukoba.
Alirudi na dizeli viganjani,
sabuni ya mche ikashindwa, ndimu ikashindwa,
mama akasema, "Leo tena ugali wa injini,"
tukacheka, tukala.
Tulipoanua tanga niliiba kofia yake,
nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni
isipumue.
Mwaka juzi niliifungua.
Kitambaa tu.

Bwire akawasha la kijivu.
Likagonga, ka-ka-ka-ka, kifuani mwangu,
nami nikashika mlango kama mtu aliyesimama melini.
Nilishafungua mkoba, Mungu anajua,
nilishafungua mkoba,

ndipo fundi Luhende, niliyemtoa Mabatini kwa elfu ishirini,
akachomoa kidole kwenye bomba la moshi,
akakitazama,
akaniuliza kama daktari:
"Mwalimu, kila siku unaenda wapi?"
"Shuleni. Kiseke hadi Pasiansi."
"Dakika ngapi?"
"Kumi na tano."
"Na safari ndefu?"
Nikatafuta safari ndefu.
Niliyekuwa nikimfuata ng'ambo ya Busisi amezikwa.
"Sina."

Akafuta kidole kwenye suruali.
"Hili lina chujio la masizi huko chini.
Linataka barabara, lipate joto, lichome uchafu wake.
Wewe utalipasha moto tu, kisha unazima.
Lipashe, zima. Lipashe, zima.
Siku moja taa itawaka, utanipigia,
na mimi kifaa chake sina, kipo Dar,
na bei yake usiulize ukiwa umesimama."
"Na jekundu?"
"Plagi nne. Mjukuu wangu anazibadilisha."
"Fundi, unaniharibia soko," Bwire akalalamika.
"Soko lako sijaligusa. Nimegusa bomba."

Nikalipia jekundu.
Halikugonga. Lilinong'ona tu,
kama mwanafunzi asiyejua jibu.
Gia ya pili ngumu kidogo.
Milioni moja na nusu imebaki mkobani,
na sijui kwa nini haikunifurahisha.

Sheli ya Nyakato, kijana mwenye kofia ya manjano
akainama dirishani:
"Petroli au dizeli, mama?"
Swali lile lile, siku moja, mara ya tatu.
"Petroli," nikasema. "Ya elfu thelathini."

Pampu ya pili lori la mizigo lilikuwa linajazwa,
tangi limefurika, dizeli inachuruzika hadi kwenye tairi,
na upepo ulikuwa unatoka huko.

Kijana akachomeka bomba.
Nikashusha kioo chote.
"Jaza polepole," nikamwambia.
"Sina haraka."