Duara la Milimita Tisa

Kaki, si ile ya sare ya mgambo.
Huku Yoshino kaki ni tunda,
kipande cha jua kilichonasa tawini
baada ya majani yote kwenda zake.
Lakini shangazi yangu Wakae hana haja na tunda.
Yeye hutaka jani,
la Juni, kabla halijawa gumu,
pana kama kiganja cha mtoto wa darasa la pili.

Mnofu wa samaki wa chumvi,
tonge la wali lenye siki,
jani juu yake, kunja, kunja, geuza,
panga sandukuni, kandamiza kwa jiwe.
Bahari iko mbali, milima miwili na bonde lisilo na adabu.
Zamani samaki alipanda huku mgongoni mwa mchukuzi,
akafika amechoka kuliko aliyembeba,
na watu wakamvika jani asije akawaua.
Hakuna aliyeuliza kwa nini.
Waliopona ndio waliosimulia.

Mimi ndiye niliyeuliza.
Nina koti jeupe, nina kabati la joto la nyuzi thelathini na saba,
nina visahani ambamo nafuga
vijidudu ambavyo wenye akili huvikimbia.

Maana Agosti iliyopita, usiku wa kuwaaga wafu,
watu kumi na mmoja walikula kwa shangazi
na kabla mwezi haujavuka mlima
walikuwa wamekumbatia ndoo.
Mzee Genzaburo alitapika mpaka akamwita mama yake.
Bwana afya akaja, akabandika karatasi mlangoni:
siku tano, duka lisifunguliwe.
Shangazi aliisoma akiwa amefumbata mkono.
"Jani halijawahi kunisaliti," akasema.

Basi nikalichuma jani, nikalisaga, nikaliloweka katika spiriti,
nikachuja maji yenye rangi ya chai iliyosahauliwa.
Nikayatonesha kwenye kidoti cha karatasi,
nikakilaza katikati ya kundi.
Kidoti kingine nikakipa spiriti tupu, nisije nikajidanganya.
Kulala, sikulala.

Asubuhi, kwenye kisahani cha stafilokokasi,
utando wa manjano umeota kila mahali
ila pale: duara safi kukizunguka kidoti,
nafasi tupu, kama watu wanavyompisha mdai.
Milimita tisa. Nilipima mara nne.
Ukakasi ule ule unaokaza ulimi
ukilionja tunda bichi
ulikuwa umewakaza wao.

Nikageukia salmonela.
Kidoti kimekaa katikati yao
kama mgeni asiyekaribishwa wala kufukuzwa.
Wameota mpaka ukingoni mwake.
Kwa hao, jani ni jani.

Nikapanda basi la jioni, daftari kifuani.
Shangazi alikuwa akipangusa mawe.
Nikamwonyesha tisa, nikamwonyesha sufuri.
Nikamwambia walioangusha watu ni wa kisahani cha kwanza,
wale ambao jani linawaweza.
Akanyamaza. Birika likachemka, likazimwa.
Kisha akafumbua mkono:
kovu jekundu, kidole gumba, toka kucha mpaka fundo la kwanza.
"Nilijikata asubuhi ya sikukuu.
Masanduku arobaini yalikuwa yananingoja.
Nikakifunga kidole kwa jani la mkaki,
nikaendelea."

Milimita tisa, shangazi.
Na wao maelfu kwa maelfu, wakiwa na wali vuguvugu
na usiku mzima wa Agosti.
Sumu ikishamwagwa,
hata kumuua aliyeimwaga ni kuchelewa.
Hilo sikulisema.

Nikamletea sabuni, glavu, kipimajoto.
Alizivaa glavu kama mtu anayejaribu viatu vya marehemu.
Tonge la kwanza likamponyoka.
La pili akalikunja, akalikunja, akaligeuza,
akaniuliza bila kuniangalia
kama lile jani la kidoleni, siku ile,
lilimwokoa hata mtu mmoja.

Waliugua kumi na mmoja. Walikula thelathini na sita.
Nikafungua daftari.
Hakuna ukurasa wa hilo.